Nimependa Benchi, Shangazi Hapokei Simu

Mpendwa mshauri, naomba uniokoe kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi, na naomba usicheke mpaka ufike mwisho wa barua, kwa sababu mume wangu alicheka mwanzoni na huo mwisho hakuufikia, ndiyo maana nimeamua kukuandikia wewe.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita, na ninafanya kazi katika baraza la mji, ofisi ya bustani na maeneo ya wazi, ofisi yenyewe ina meza mbili, feni moja na dirisha linalotazama uwanja mdogo ulio kati ya zahanati, posta na kituo cha mabasi, na uwanja huo mshauri ndio kazi yangu na ndio wazimu wangu, maana kwa miaka sita nimekaa dirishani nikitazama watu wakisimama. Wanasimama! Mama mwenye mtoto anasubiri dawa amesimama, wanafunzi wanasubiri basi wamesimama, wazee wakichoka wanakalia ukingo wa mtaro na kuondoka na suruali zilizolowa. Zamani tulikuwa na mabenchi ya mbao, mchwa wakayala yote. Tukaleta ya chuma, wajanja wakaja na msumeno wakayauza kama chuma chakavu, yakabaki maguu tu yamechomoza kwenye zege na watu wanajikwaa hapo mpaka leo.

Basi mwaka huu, mshauri wangu, tumepewa kibali cha mabenchi kumi na nane ya plastiki iliyorejelewa, na mimi ndiye katibu wa kamati ya kuyachagua! Siku niliyopewa barua ya uteuzi niliisoma nimesimama kwenye korido, nikaisoma tena chooni. Wiki iliyofuata tukaenda kwenye karakana wanakoyatengeneza, na huko ndiko nilikopotea kabisa, kwa sababu nilidhani nitaona takataka na nikaona maajabu: lundo la madumu mabovu, ndoo zilizopasuka, chupa za sabuni na vizibo vya kila rangi, vinaoshwa, vinakatwakatwa, vinayeyushwa, na upande wa pili unatoka ubao, ubao kweli, mzito, unagongeka, unashika skrubu, na fundi wa pale akachukua msumari akaukwaruza mbele yetu akasema, "Angalia mama, rangi imeingia mpaka ndani, ukikwaruza unakutana na ileile." Hakuna kupaka rangi kila mwaka, hakuna mchwa, hakuna kuoza, hakuna kibanzi cha kumchoma mtoto pajani, na mwizi wa chuma akija atakaa tu apumzike kama wengine. Nikaomba kipande nikakibeba kwenye mkoba, nikakilowesha nyumbani wiki nzima, nikakitoa nikakifuta kikawa kilekile, na mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na amerudi safari amechoka, akauliza kwa nini kuna ubao kwenye ndoo yake ya kuogea.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kukaa. Nikipita benki nakaa, hospitali nakaa, nje ya mahakama nilikaa mpaka askari akaniuliza kesi yangu ni ipi. Mume wangu anasema amepata mshindani, na mshindani mwenyewe ana miguu minne.

Karakana ilituletea mabenchi mawili ya mfano tuyajaribu uwanjani, nami nikayapa majina siku hiyohiyo. La kwanza nililiita Kifaru: la kahawia, pana, lina mgongo na mikono miwili ya kuegemea, limekaa pale kama limeudhika na jambo. La pili, mshauri, la pili nililiita Bibi Harusi. Rangi ya chungwa! Ndani yake vizibo vimeyeyuka vikaacha chembe nyeupe na za buluu, amepinda taratibu kama tabasamu, yuko chini karibu na ardhi, mpana, laini, hana mgongo, hana mikono, hana kitu chochote cha kukatisha lile pindo lake. Jua la asubuhi lilipompiga nilitokwa na machozi nikasingizia vumbi. Picha yake iko kwenye simu yangu mahali ilipokuwa ya watoto, na binti yangu ameniuliza kama wao wamehamishwa.

Sasa nifike kwenye dhambi.

Tuliandaa siku ya majaribio, Jumamosi asubuhi, kila anayepita anakaribishwa akalie yote mawili na kujaza fomu, na fomu niliitunga mwenyewe kwa mapenzi: Umekaa vizuri? Umeipenda rangi? Umelipenda umbo? Ungependa kulikalia tena? Watu arobaini na mmoja walijaza na Bibi Harusi alikuwa anaongoza kwa mbali, hata mwenyekiti wetu wa kamati, mwalimu mstaafu ambaye hasifii kitu, alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo akaja shangazi yangu. Mimi ndiye niliyemwalika. Huyu shangazi ndiye aliyenilea tangu niko darasa la tatu mama yangu alipofariki, ni fundi cherehani, anashona sare za shule, futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda kusalimia wagonjwa, ni mnene, mcheshi, na magoti yake siku hizi yanampa shida. Alikuwa amevaa gauni lake zuri la kijani kwa sababu nilimwambia nitampiga picha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa baraza.

Akamkalia Bibi Harusi. Akasema, "Aaa, hapa pazuri, mwanangu, hapa mtu unaweza ukasahau ulikuwa unaenda wapi." Watu wakafurahi, nikapiga picha tatu. Kisha akataka kuinuka.

Mshauri, hakuinuka. Alijisukuma mara ya kwanza akarudi, mara ya pili akarudi, nikaona mkono wake unapapasa pembeni ukitafuta cha kushika na hakuna cha kushika, mara ya tatu akajaribu kuanzia ubavuni, gauni likapanda, na wapagazi wawili wa kituo cha mabasi wakaja wakamvuta kila mmoja mkono wake, kiatu kikabaki chini ya benchi. Watu wakacheka. Naye alicheka, tena alianza yeye. Halafu akajitengeneza gauni, akaniangalia, akauliza kwa sauti kubwa ya kawaida yake, "Hebu niambie mwanangu, maana wewe ndiye mtaalamu. Shida ni ya benchi au ni yangu?"

Mwenyekiti alikuwa amesimama pembeni yangu, kalamu mkononi, ananisubiri. Watu wote wananisubiri. Nikamwangalia Bibi Harusi anavyong'aa pale, nikasema, "Ni yako shangazi. Umezidi kunenepa, punguza kula."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Safari hii yeye hakucheka. Alivua futi shingoni, akainama kwa shida, akapima kutoka ardhini mpaka mahali pa kukalia, akapima tena mara ya pili, akaizungusha futi yake vidoleni taratibu, akachukua kiatu chake akaondoka. Fomu hakujaza. Na mimi, nilipokuwa naandika ripoti ya siku ile, nilipofika pale panapouliza matatizo yaliyojitokeza, niliandika neno moja: Hakuna.

Leo ni siku ya kumi hapokei simu yangu. Nilimtuma binti yangu na sketi ya shule iliyochanika ili nipate pa kuanzia, sketi ikarudi imeshonwa vizuri, imepigwa pasi, imekunjwa ndani ya mfuko, na hakuna hata salamu. Nikaenda mwenyewe kwenye chumba chake cha kushonea, nikasimama mlangoni nikabisha, hakusimamisha cherehani, aliinua macho akasema, "Karibu, mteja." Mteja! Mimi ambaye alikuwa ananipima sare kila Januari na kunitekenya kwapani kwa makusudi! Nilisema napita tu, nikaenda kulia nyuma ya duka la jirani.

Sasa Ijumaa saa nne ripoti inasainiwa, na ikisainiwa mabenchi kumi na nane ya aina ya Bibi Harusi yanaanza kutengenezwa, na haya si mabenchi ya kuoza mwakani, fundi anasema wajukuu wetu watayakalia. Nilimgusia mwenyekiti kwamba labda tulitazame tena suala la urefu, akanijibu, "Katibu, usituletee mambo ya ukoo kazini. Watu arobaini na mmoja wameridhika." Na ukweli ni kwamba ana haki, wameridhika, nina fomu zao. Na ukweli mwingine, mshauri, naona haya kuuandika, ni kwamba bado nampenda Bibi Harusi, nikifungua dirisha asubuhi nikamwona pale moyo unanidunda, na nikifikiria kumtazama Kifaru kila siku mpaka nistaafu nahisi kama nimefungwa. Mume wangu anasema, "Omba msamaha, chagua lolote, tule." Lakini nikimwomba shangazi msamaha halafu Ijumaa nikasaini Bibi Harusi nitakuwa nimeomba msamaha gani? Na nikimchagua Kifaru kwa ajili ya shangazi si nitakuwa kweli nimeleta ukoo kazini?

Niambie nisimame upande wa kazi au upande wa damu yangu, na uniambie pia kama ni kosa mtu wa ofisi ndogo kama mimi kutaka kitu kizuri. Jibu upesi, tafadhali, Ijumaa haiko mbali.

Ni mimi,
Mpenda Mabenchi

MSHAURI ANAJIBU

Mpenda Mabenchi,

Nimecheka. Ulinikataza, lakini ubao kwenye ndoo ya kuogea umenishinda. Nilipofika kwenye "punguza kula" nikavua miwani nikaiweka mezani, na sikucheka tena mpaka mwisho.

Kwanza nikupe haki yako. Kwa miaka mingi kwenye safu hii nimesoma barua za waume waliotoroka na mawifi wasiosalimiana, na hii ni barua ya kwanza ya mtu anayekosa raha kwa sababu watu asiowajua wamesimama juani. Umenipa furaha ya ajabu! Nimeisoma mara mbili, kisha nikateremka ngazi kwenda kulikagua benchi lililoko nje ya ofisi yetu, ambalo nimelipita kila siku bila kulitupia jicho, nikalikalia, nikainuka, nikalikalia tena, mpaka mlinzi akaniletea maji akidhani nimezidiwa. Kwa hiyo usiniulize tena kama ni kosa kutaka kitu kizuri. Mji wenu unahitaji watu wanaotokwa na machozi kwa sababu ya rangi ya chungwa. Wale wengine tunao wa kutosha.

Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Ulimwuza mtu aliyekulea kwa ajili ya kiti ambacho hata hakijanunuliwa. Alikuuliza swali la maana mbele za watu, kwa heshima, akakuita mtaalamu, nawe ukampa jibu la mtoto wa shule anayetaka kuchekesha darasa. Halafu ukaenda ofisini ukaandika: Hakuna. Shangazi mzima na kiatu chake wakawa hakuna. Unasema mwenyekiti anaogopa ukoo usiingie kazini. Dada, ukoo uliingia siku ile ulipoandika neno hilo, maana kama aliyekwama angekuwa mama wa mtu mwingine ungeandika ukweli, na unajua hivyo.

Tuje kwenye fomu yako uliyoitunga kwa mapenzi. Umewauliza watu arobaini na mmoja wamekaaje. Hata mmoja hukumuuliza ameinukaje! Ni kosa la mtu aliyependa. Ulitaka wakae, wakikaa umefurahi, ukafunga daftari. Lakini benchi la mahali pa watu wote ni kitu cha kuinukia. Anayesubiri basi anainuka basi linapofika, tena haraka, na mizigo. Anayesubiri dawa anainuka akiitwa jina, na anaumwa. Na hao arobaini na mmoja ni akina nani? Jumamosi asubuhi, nafikiri, ni watu wenye nafasi na magoti mazuri. Mama mwenye mtoto hakuwepo, na wale wazee wa ukingo wa mtaro hukuwataja. Katika watu wote waliokalia lile benchi lako, ni mmoja tu aliyefanya kazi ya kamati, nawe ukamwambia apunguze kula.

Na kuna jambo umeliandika mwenyewe bila kuliona. Shangazi alipima. Mtu aliyekasirika tu hapimi, anachukua kiatu anakwenda. Yeye ni fundi, alipoambiwa mwili wake ndio mbaya alivua futi akahakikisha, tena mara mbili, kama mafundi wanavyofanya wakipata namba wasiyoiamini. Siku kumi unampigia simu, na hujawahi kumuuliza alipata ngapi! Namba anayo. Anajua tangu Jumamosi ile kwamba shida haikuwa yake. Kwa hiyo usidhani amejifungia akiutazama mwili wake kwenye kioo; anasubiri kuona kama wewe pia utakuja kujua, na kama utathubutu kusema.

Kuhusu uchaguzi wako kati ya Bibi Harusi na Kifaru, nimempigia fundi samani mmoja ninayemfahamu nikamsomea maelezo yako, na yeye ndiye aliyecheka kuliko mimi. Ananiambia, "Nani kamwambia achague? Hizo si ni mbao na skrubu?" Uzuri uliokuliza uko kwenye rangi na zile chembe za vizibo na lile pindo, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachodai mtu akae karibu na ardhi. Nenda karakana kesho asubuhi ukawaambie unamtaka Bibi Harusi yuleyule, ameinuliwa mpaka afike usawa wa goti la mtu mzima wa kawaida, sentimita arobaini na tano au zaidi kidogo, na awekewe mikono pande zote mbili, imara, iliyofika mbele ya kutosha ili mtu ajisukumie. Waambie chini ya mahali pa kukalia pawe wazi, kwa sababu mtu anayeinuka anarudisha miguu nyuma kwanza, jaribu hapo ulipo utaona. Mengi yawe na mgongo. Machache yaache bila, watoto na vijana watayakalia pande zote wakitazamana. Muulize fundi kuhusu mguu wa katikati, maana mbao ndefu za plastiki zikikosa kushikiliwa zinabonyea polepole. Mbao ziachiane nafasi maji ya mvua yapite. Na mabenchi yafungwe kwenye zege, hao wajanja wenu siwaamini hata kama hakuna chuma.

Na kitu kimoja umesahau kabisa, nimeshangaa mtu wa dirishani kama wewe: jua. Mlijaribu asubuhi. Kalitazame benchi lako saa saba mchana, uliwekee kiganja, kwa sababu plastiki hushika joto, na ya rangi nzito ndiyo hushika zaidi. Hapo nadhani rangi ya chungwa itamshinda Kifaru, na utakuwa na sababu ya haki ya kuitetea mbele ya kamati badala ya machozi. Pale pasipo na kivuli, ombeni kivuli kabla ya benchi.

Kwa hiyo usije ukamchagua Kifaru ili kujiadhibu. Wanaosubiri dawa hawana kosa lolote, kwa nini watazame kitu kilichoudhika miaka ishirini kwa sababu wewe una deni na shangazi yako? Wape kizuri, na wape mahali pa kushika.

Mwenyekiti usimwogope. Kabla ya Ijumaa ichukue ile ripoti, kata neno Hakuna kwa mstari mmoja, andika kwa mkono wako kilichotokea, weka sahihi pembeni. Kikaoni sema wazi, "Niliandika vibaya na ninasahihisha." Usiseme shangazi yangu, sema mkazi mmoja alikaa na hakuweza kuinuka bila kuvutwa na watu wawili. Akianza habari za ukoo, mwombe kwa adabu yote mteremke uwanjani, umpe mfuko wenye viazi mkono huu na mwingine mkono ule, akae, kisha ainuke bila kuiweka chini. Ni mwalimu mstaafu, magoti yake nayo yamefundisha miaka mingi. Usimsaidie. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi ndipo umpe mkono, na baada ya hapo rudini kikaoni. Mimi mwenyewe nilipokuwa na mimba ya mwisho niliwahi kukwama kwenye kiti cha namna hiyo nje ya ofisi moja, nikamwomba mkono mwanamume nisiyemjua. Alinivuta akaenda zake, kwake ilikuwa kitu kidogo, na mimi nakumbuka mpaka leo.

Hayo ni ya Ijumaa. Ya shangazi ni ya leo.

Usimsubiri mpaka ushinde kikaoni ndipo uende na habari njema, hiyo itakuwa ni kumletea benchi badala ya wewe mwenyewe. Nenda leo ukitoka kazini. Usibebe zawadi. Usimtangulize mtoto, usimchukue mumeo atachekesha, na usithubutu kubeba nguo ya kushona. Ukimkuta ana wateja usingoje waondoke, maana ulipomwaibisha hukungoja watu waondoke. Sema kwa sauti ileile uliyotumia uwanjani: "Shangazi, uliniuliza swali mbele za watu nikakujibu uongo. Shida ilikuwa ya benchi. Nililiona, nikaogopa." Basi. Usimweleze habari za kamati, wala za fomu arobaini na moja. Usiseme "kama nilikukosea", unajua kwamba ulimkosea.

Kisha nyamaza. Akikuita mteja, vumilia. Akiendelea kushona, mwache ashone, sare za watu zina tarehe zake. Akianza kukugombeza atakwenda mbali, atafika mpaka darasa la tatu, na yote hayo uyasikilize, kwa sababu anayekugombeza hivyo amekwisha kukurudisha nyumbani. Utachoka, na hapo ndani kutakuwa na kiti kitupu karibu na mkono wako. Usikae mpaka yeye akuambie kaa.